Mume wangu anataka niache baiskeli, ati atanilipia jimu

Shikamoo Anti. Naomba unisaidie maana hili jambo nilidhani dogo na sasa limekuwa kubwa humu ndani. Mi ni mwanamke wa miaka 34, nimeolewa, tuna watoto watatu, tunaishi Tanga huku upande wa Mwakidila. Ni fundi cherehani, nina fremu yangu Ngamiani karibu na soko la Mgandini, na mume wangu anafanya kazi za kutoa mizigo bandarini.

Nina baiskeli, zile za mtumba za kutoka Japani, ya kike, ina kikapu mbele na kava ya cheni. Niliinunua kwa hela yangu zamu yangu ya mchezo ilipofika, na kusema kweli mwanzoni ilikuwa ni kwa ajili ya kuokoa nauli tu, wakati ule hela ilikuwa ngumu na mume wangu hakuwa na neno, alinisifia kabisa. Sa hivi Mungu kajalia mambo yamekaa vizuri kidogo, amenunua gari ndogo, na tangu hiyo gari ije baiskeli ndo imekuwa tatizo. Anasema barazani wanamuuliza mkeo bado anakanyaga pedeli na we una gari, anajisikia kama wanamcheka. Halafu mama mkwe naye kaongezea lake, ati mke wa mtu kukaa miguu huku na huku barabarani sio heshima, ati baiskeli inaharibu kizazi, na binti yangu mkubwa ana miaka 11 alikuwa ameshaanza kujifunza akakatazwa, ati itamtoa usichana.

Mume wangu sio mkorofi Anti, nataka uelewe hilo, hajawahi kunipiga wala kunitukana. Anaongea kwa upole kabisa. Ananiambia kama shida yako ni mazoezi nakulipia jimu, ipo ya wanawake watupu, na kama ni usafiri nakupeleka asubuhi jioni nakufuata, sasa baiskeli ya nini? Na hapo ndo nakosa jibu. Mwaka 2025 mwezi wa tisa yale mashindano ya dunia ya baiskeli yalipokuwa Kigali tulikuwa tunaangalia kwenye simu yake, akaniambia unaona hao, hao ndo waendesha baiskeli, wana timu, wana medali, wewe unashindana na nani? Nikanyamaza.

Maana sio mazoezi. Sijui niseme ni nini. Anti mi nikiamka asubuhi mpaka nalala kuna mtu ananiita, mama fulani njoo, fundi gauni langu la sendoff ni kesho, wifi unasikia, mke wangu iko wapi ile shati, na vyote hivyo navipenda sikatai. Ila jioni nikishafunga fremu nikakaa kwenye kile kiti, hamna anayeniita. Siku zingine sinyooshi nyumbani, navuka reli naenda kwanza mpaka Raskazone, unakutana na ule upepo wa bahari unakupiga usoni, sishuki, sinunui kitu, siongei na mtu, nageuza narudi. Basi. Na nikifika nyumbani nakuwa mtu mwingine, hata kitambaa kilichonishinda kukata mchana nakuwa nimeshajua nianzie wapi. Mama yangu alipofariki nyumbani kila mtu alikuwa ananiangalia mi niwe imara kwa sababu ndo mkubwa, sikutoa chozi mbele za watu, nililia kwenye baiskeli, barabarani, watu wakidhani ni vumbi. Mume wangu hajui hilo mpaka leo, na hiyo safari ya Raskazone pia hajui, anajua huwa nachelewa kwa sababu ya wateja.

Wiki iliyopita nimetoka asubuhi nikakuta baiskeli imepigwa mnyororo na kufuli kwenye nguzo ya baraza, ufunguo anao yeye. Ananipeleka na gari siku hizi. Nakaa pale mbele, muziki unalia, nahisi kama nasindikizwa. Niache tu yaishe Anti? Nakuwa mbinafsi? Na hayo ya kizazi ni kweli?

Fundi Cherehani, Tanga

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na hilo la kufuli maana umelitaja mwishoni kama jambo dogo na mimi nikilisoma ndo lililonishtua kuliko yote. Baiskeli uliinunua kwa hela yako ya mchezo. Ni mali yako. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hapo kwetu inasema wazi kwamba ndoa haibadilishi umiliki wa mali ya mtu, cha mke kinabaki cha mke na cha mume cha mume mpaka mkubaliane vingine. Sikwambii uende nyumbani na kifungu cha sheria mkononi, utaanzisha vita bure na mtu ambaye mwenyewe unasema ni mpole. Ila ujue moyoni kwamba unapodai ufunguo huombi hisani. Mume anaweza kukasirika, anaweza kuona aibu, anaweza kukuomba mkae mzungumze hata usiku kucha, lakini kufunga kitu cha mwenzio na kuweka ufunguo mfukoni hayo sio mazungumzo tena, hata kama amefanya kwa sauti ya chini.

Sasa unasema huna jibu. Mwanangu, jibu umeniandikia mimi, kwa mkono wako, na ni zuri kuliko ambalo ningekutungia. Shida ni kwamba umemwandikia mtu usiyemjua kabla ya kumwambia unayelala naye chumba kimoja. Yeye anakisia. Anaona unapoteza jasho, anafikiri unataka jasho, anakupa jimu. Anaona unasafiri, anafikiri unataka usafiri, anakupa gari. Kwa akili yake ameshalipa deni lote na bado mke hajaridhika, lazima achanganyikiwe. Hajawahi kuambiwa kwamba kuna kitu cha tatu hapo ambacho jimu haina na gari haina, nacho ni ile nusu saa ambayo we sio mama wa mtu, sio fundi wa mtu, sio wifi wa mtu, na unaamua mwenyewe kona ipi ukate. Kwenye gari lake hata akiwa dereva mzuri namna gani we ni abiria. Ukimaliza kazi saa kumi na moja na yeye mzigo umegoma kutoka, utakaa kwenye fremu yako unaangalia simu mpaka magharibi. Na akija mapema utafunga mashine gauni la watu likiwa nusu. Sio kwamba gari ni baya, siku ya mvua au ukiwa na mzigo wa vitambaa mshukuru Mungu lipo. Ila saa yako inakuwa imehamia mikononi mwa mtu mwingine na hilo ndo unaloliita kusindikizwa.

Kuhusu Kigali, hebu tumjibu vizuri maana ameuliza swali la maana bila kujua. Yale mashindano yalikuwa ni mara ya kwanza kwa ubingwa wa dunia wa baiskeli za barabarani kuja Afrika, ni fahari kubwa na mi mwenyewe niliyafuatilia, zile milima ziliwatoa jasho hata mabingwa. Lakini kwenye milima hiyohiyo ya Rwanda kila siku kuna vijana wanasukuma baiskeli zenye magunia ya viazi na mikungu ya ndizi, na hakuna kamera inayowafuata. Nenda Shinyanga, baiskeli ya kubeba abiria ndo wanaiita daladala, mtu amesomesha watoto kwa karia ile ya nyuma. Huko kwenu Tanga tembea asubuhi uangalie, muuza samaki, mpaka chokaa, mwalimu, mzee anayetoka swala ya alfajiri. Wanashindana na nani hao? Waendesha baiskeli wengi wa huku kwetu hawajawahi kuvaa namba mgongoni na hawatavaa. Mimi nimekulia Tabora, marehemu baba alikuwa na baiskeli ya Swala, zile zilizokuwa zinatengenezwa Dar, na Jumapili alasiri alikuwa anaipanguza taratibu, spoku moja moja kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, halafu anapanda anatoka. Mama akimuuliza unakwenda wapi anasema naja. Harudi na mkate wala gazeti. Nilikuwa nadhani ana shughuli asiyotaka tuijue, mpaka nilipokuwa mtu mzima mama akaniambia baba yako alikuwa anakwenda kupumua, na akirudi ndo mlikuwa mnamwona anacheza nanyi. Kwa mwanaume hatukuona ajabu. Wewe unafanya hilohilo na unaniuliza kama we ni mbinafsi.

Hapana, sio ubinafsi.

Na kwa nini inatuliza kichwa, sio uchawi. Ukiwa juu ya baiskeli mwili una kazi ndogondogo zisizoisha, kushika mizani, kukwepa shimo, kusikiliza bajaji inayokuja nyuma, huwezi kushika simu, huwezi kushona, huwezi kupika, na mtu akikuita unapita tu unampungia. Miguu inazunguka kwa mwendo mmoja. Basi yale mawazo yaliyokuwa yanasukumana mlangoni yanaanza kupita moja moja. Wataalamu wa afya wanakubali kwamba kuutikisa mwili kunapunguza wasiwasi na huzuni, hilo linajulikana, ila ulichonieleza cha kumlilia mama barabarani ni zaidi ya hapo. Ulihitaji mahali pa kuwa mtoto wa mama yako, na nyumba nzima ilikuwa inakuhitaji uwe dada mkubwa. Ukapapata pale kwenye usukani. Mwambie mumeo hili. Kabla ya hoja yoyote, mwambie hili. Mwanaume anayependa mkewe akisikia kwamba alilia peke yake barabarani kwa kukosa pa kulilia, habari ya barazani inaweza kuonekana ndogo ghafla.

Sasa ya mama mkwe, na hapa nitanyoosha maneno kwa sababu linamgusa na mtoto. Baiskeli haiharibu kizazi. Uholanzi kule baiskeli ni nyingi kuliko watu, wanawake wanaendesha toka utotoni mpaka uzeeni, wengine na mimba zao, na wanazaa kama kawaida. Kiti kikiwa kibovu au kirefu kuliko kimo chako utaumwa mgongo na kuchubuka, hilo ni la fundi, kinashushwa kinainuliwa yanaisha. Na kuhusu usichana wa binti, kile kiwambo cha ukeni kinatofautiana mtoto na mtoto, wengine wanazaliwa nacho kidogo sana, na kinaweza kutanuka kwa michezo ya kawaida bila mtoto kuguswa na mtu, kwa hiyo hakisemi lolote kuhusu tabia yake. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani pamoja na wenzao wa Umoja wa Mataifa walitaka vipimo vya kuangalia bikira vikomeshwe kila mahali, kwa sababu havina msingi wowote wa kitaalamu na vinawaumiza mabinti. Ukitaka mama mkwe asikie kwa mtu mwenye sare nyeupe mpeleke kwa nesi mnayemwamini amuulize mwenyewe.

Wala usidhani maneno haya ni ya Tanga tu. Miaka ya 1890 huko Ulaya na Marekani, wanawake walipoanza kupanda baiskeli kwa wingi, kuna madaktari kabisa walikuwa wanawatisha kwamba watapata ugonjwa wa uso, ati sura itakakamaa na macho yatoke, na kwamba wataharibikiwa uzazi. Hakuna aliyeharibika. Mwaka 1896 Susan B. Anthony, yule mama aliyepigania haki ya wanawake wa Marekani kupiga kura, alisema baiskeli imewakomboa wanawake kuliko kitu kingine chochote duniani. Na Saudi Arabia mpaka mwaka 2013 ndo wanawake wakaruhusiwa kupanda baiskeli, tena kwenye bustani na sehemu za mapumziko, wakiwa wamejisitiri na ndugu wa kiume yupo. Unaona jinsi watu wanavyoiogopa hii chuma yenye magurudumu mawili? Sio kwa sababu ya kiti. Ni kwa sababu mwanamke aliyeipanda anaweza kwenda mahali bila kuomba apelekwe.

Stara ni jambo jingine na nalichukulia kwa uzito, maana huenda ndo linalomsumbua bibi kweli. Suruali pana ndani, baibui lisiloburuta, ncha za mtandio uzifunge nyuma, na kwa bahati baiskeli yako ina kava ya cheni. Gurudumu la nyuma uliza fundi akuwekee wavu pembeni, nguo ndefu ikinasa kwenye spoku unaanguka vibaya sana. Unguja wanawake wanapanda na mabaibui yao, wameshika njia yao, na hakuna anayesema wamevunjiwa heshima.

Ila mwanangu kuna hoja moja mumeo hajaitoa na angeitoa ningemsikiliza kuliko zote, nayo ni usalama. Barabarani duniani wanakufa watu kama milioni 1.19 kila mwaka, na zaidi ya nusu ni waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wa pikipiki. Hiyo barabara ya Pangani unayopita jioni, malori na bodaboda kila mtu anawahi, na we unarudi kutoka Raskazone giza linaingia na nguo nyeusi. Hapo mimi niko upande wake hata kabla hajasema. Nunua kofia ngumu. Weka taa nyekundu nyuma na kiakisi kwenye pedeli na kwenye karia, vaa kitu cha rangi ya kung'aa juu ya baibui. Breki ziangalie mwenyewe, zile raba zikiisha mpaka chuma inagusa rimu utasikia inakwaruza, usisubiri isikike. Na kama huna taa basi safari ya Raskazone iishe kabla ya magharibi. Dar walipojenga barabara ya mwendokasi Morogoro Road wakaweka na njia ya baiskeli, na bado utakuta bodaboda na wafanyabiashara wameijaza, wakati umoja wa wapanda baiskeli pale, UWABA, wamepiga kelele miaka na miaka. Sasa kama njia iliyojengwa yenyewe iko hivyo, we usiye na njia lazima ujilinde mara mbili. Ukimwonyesha mumeo kwamba haya umeyafikiria na umeyanunua, utakuwa umemjibu hofu ambayo pengine ndo iliyo chini ya hiyo aibu, maana wanaume wengi wakiogopa jambo wanaliita aibu.

Na Raskazone mwambie. Sio kwa sababu unahitaji kibali cha kupigwa na upepo. Ni kwa sababu Tanga ni ndogo, siku moja mtu wa barazani atamwambia nimemwona mkeo Raskazone jioni peke yake, na we ulisema wateja, hapo utaeleza mpaka kucha na hakuna atakayeamini kwamba ulikwenda kugeuza tu. Usiache mtu mwingine amsimulie. Ikiwezekana mwambie Jumapili moja aazime baiskeli mwende wote, njia ileile, msiongee njiani. Anaweza asielewe. Anaweza kufika anahema, anauliza tumefuata nini huku, na hiyo pia ni sawa, sio lazima apende, inatosha ajue hakuna mtu anayekusubiri pale.

Binti arudi kujifunza. Miaka 11 ndo umri wenyewe, huko Zambia mabinti wa shule waliopewa baiskeli utoro ulipungua na kuchelewa kukapungua, na wako atakwenda sekondari karibuni hujui atapangiwa wapi. Hili usilijadili na mama mkwe, limalizeni nyie wawili wazazi, halafu mwenye mama ndo amweleze mama yake. Wewe ukimjibu utaonekana umemkosea adabu hata ukiwa na haki, yeye akimwambia ni mwanawe amesema.

Makubaliano mengine uyape nafasi. Siku moja moja asubuhi akupeleke kama anapenda, kumbe pengine naye anafurahia kukaa na mkewe dakika zile kabla ya kelele za bandarini, baiskeli iwe imelala kwenye fremu yako tangu jana yake, jioni urudi nayo. Wiki ya mvua za masika panda gari bila kununa. Ila zile jioni zako usiziuze, maana ukiziuza zote utakuwa unapelekwa na kurudishwa vizuri kabisa na utaanza kumkasirikia mtu mwema bila kujua kwa nini.

Akigoma kutoa ufunguo baada ya kusikia yote haya, mwiteni mtu mzima ambaye nyote wawili mnamheshimu, mjomba wako au rafiki yake mkubwa, mama yake asiwe msuluhishi kwa sababu ana upande. Na siku ukiupata ufunguo usipande hapohapo, baiskeli iliyosimama siku nyingi upepo unaisha na tairi linalalia sehemu moja, isukume mpaka kwa fundi ajaze, atie tyubu kwenye beseni la maji aone kama inatoa mapovu, atie cheni mafuta, na umwambie akucheki na zile breki.

Anti